Tiketi ya Pole

1

Tiketi ilinifikia nikiwa bado nimepiga magoti barabarani, ute wa mayai umeniloanisha suruali.

Ilikuwa asubuhi, saa mbili na dakika chache. Nilikuwa natoka kujaza maji kwenye tangi kuu la manispaa, nikipandisha boza langu taratibu kuelekea kata za juu ambako mabomba hayajafika. Mbele yangu, pembeni kabisa mwa barabara, mzee mmoja aliendesha baiskeli yenye trei tisa za mayai, zimefungwa nyuma kwa mipira ya matairi chakavu. Nilipunguza mwendo, wala si kwa sababu ya kibao cha mwendo. Dereva aliyefundwa vizuri akiona mayai mbele yake hupunguza, kama anavyovua kofia akikutana na jeneza.

Lori bubu halikupunguza. Ndivyo tunavyoyaita hapa Makutano Mapya: malori ya mizigo yasiyo na dereva, yasiyo na honi, yasiyo na hata kioo cha mbele kwa kuwa ndani hamna wa kutazama. Lilinipita, likakata kona ya kushoto, na tela lake likamzoa mzee pamoja na baiskeli yake. Kisha likasimama, maana limeamriwa kusimama, likawasha taa za njano, likakaa kimya.

Nami nikasimama. Kati ya bampa langu na mzee palikuwa na nafasi ya kuegesha magari matatu. Nilishuka nikakimbia.

Watu walikuwa wengi kando ya barabara, na hakuna aliyesogea. Mama mmoja aliingiza pindo la khanga mdomoni akaliuma. Mwenye genge la mboga alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Hawakuwa wakimtazama mzee. Walikuwa wakitazama nguzo.

Niliiona na mimi, ile nguzo ya kijivu yenye matundu kama chujio la chai. Nilijua ni ya nini. Lakini mzee alikuwa amelala ubavu, mguu umegeuka upande ambao mguu haugeuki, na alikuwa akinitazama mimi.

"Pole, baba," nikasema nikipiga magoti. "Pole sana."

Akameza mate. Midomo ikajaribu mara mbili.

"Nimeshapoa, mwanangu," akanijibu, kana kwamba nimemkuta anatoka shambani na jembe begani.

Nguzo ikawaka nyekundu. Bangili ya udereva mkononi mwangu ikatetemeka: tiketi.

"Ukiri umepokelewa," ilisema sauti ya kike, laini, yenye adabu. "Nurdini Chilongola, dereva wa boza. Kosa ni kusababisha ajali. Je, kuna mwingine?"

Nilisikia ute wa yai ukidondoka kutoka kwenye fremu ya baiskeli.

Hakuna aliyejibu. Taa ikazimika.

2

Zamani barabara zilikuwa na kamera. Ziliondolewa nikiwa darasa la sita, baada ya picha ya kughushi kuwa rahisi kutengeneza kuliko chapati. Mtu aligongwa na gari jeupe, mahakamani zikaja picha tatu za gari jeusi, zote safi. Ndipo serikali ikanunua Sikio, mtambo wa nguzo zinazosikiliza. Picha hudanganya, tuliambiwa, na shahidi hununulika, ila mtu aliyeshtuka hasemi uongo. Ndani ya pumzi thelathini baada ya ajali, kabla akili haijaanza kupanga, ulimi hutoa yaliyo moyoni. Neno lile la kwanza hunaswa na nguzo na kutiwa muhuri. Mbele ya hakimu, uzito wake unazidi wa mashahidi kumi.

Mwaka wa kwanza kesi zilipungua nusu. Tulipiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, na sitajificha hapo.

Kilichotuponza kilikuwa kidogo kuliko punje ya ulezi. Waliotengeneza Sikio walikuwa watu wa lugha nyingine, ambayo ndani yake neno moja hubeba mizigo miwili: kumsikitikia mtu, na kumwomba radhi. Walipokuja kulifundisha Kiswahili walilitafutia neno lile mwenzake, wakaokota pole. Hakuna aliyewaambia kwamba sisi mizigo hiyo tunaibeba kwa vichwa viwili tofauti.

Wa kwanza kutiwa hatiani alikuwa mwalimu aliyempa pole mama aliyeteleza kivukoni mwa reli. Wa pili, muuguzi. Baada ya hapo watu walijifunza wenyewe, bila tangazo. Sheria ilihusu pumzi thelathini baada ya ajali, lakini hofu haikuhesabu pumzi. Pole ilikufa barabarani, ikafuata ile ya sokoni, kisha ile ya wodini, na mwishowe nilihudhuria msiba mmoja ambao waombolezaji walipita mbele ya wafiwa wakiwashika mikono tu, midomo imebanwa kama mikoba.

Ila Sikio husikia, halisomi. Kwa hiyo watu walianza kuandika. Nyuma ya boza langu niliandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyekundu ya mafuta:

*Njia ina masikio, neno lako linashikwa,*
*Ficha chozi na kilio, usije ukaandikwa,*
*Pole imekwenda mbio, hata mtu akizikwa,*
*Kimya ndicho kimbilio, mwenye pole hutundikwa.*

Niliendesha na ubeti huo miaka miwili, watu wakinipungia mkono kwa nyuma. Siku yangu ilipofika nikausahau.

3

Siku kumi na nne baada ya ajali niliegesha boza mbele ya Mahakama ya Manispaa nikaketi kwenye benchi la veranda na tiketi yangu mkononi. Kwenye wito wa mahakama ndiko nilikolisoma jina la mzee, Gervas Mlekwa, muuza mayai, umri miaka sitini na nane. Mbele ya jina waliandika neno marehemu. Alifariki siku ya tatu.

Ningekutwa na hatia, leseni yangu ingefungwa. Na leseni ya binadamu ikifungwa haifunguliwi tena. Manispaa iliacha kutoa mpya siku mabubu yalipoingia. Tuliobaki mji mzima tulikuwa madereva mia mbili na kumi na mmoja, na kila mmoja alijua hesabu hiyo kama anavyojua idadi ya meno yake. Boza lile lilikuwa la baba. Baba alinifundisha gia yake mbovu ya tatu kwa kunigonga kisogo, na alipokuwa anakufa hakuniusia nyumba wala shamba. Alisema, usiwaache watu wa juu wakalala na kiu.

"Chilongola."

Aliyeniita alikuwa Zakayo Mtenga, wakili wa manispaa. Alikuwa kijana wa rika langu, tai imekazwa, viatu vinavyong'aa. Namjua, anakaa kata za juu. Kila Jumatano mkewe hupanga ndoo mlangoni.

"Wakili. Leo unanishtaki, kesho utaoga nini?"

"Ndiyo maana nimekuja kabla ya kesi," akasema, akaketi. "Nina mtoto anayeanza kutambaa, sitaki mji unipelekee bubu la maji mlangoni. Sikiliza, na leo usiwe mbogo. Nimekuletea mlango wa kutokea."

Akatoa karatasi moja. Juu yake ilipigwa chapa: TAMKO LA KAULI TUPU.

"Unatia sahihi hapa. Unaapa kwamba neno ulilolitamka halikuwa na maana yoyote. Lilikutoka tu, kama kikohozi. Sikio lina mafungu mawili, ukiri na kauli tupu. Likilitoa neno lako fungu la kwanza na kulitia la pili, kesi imekufa. Saa nne na nusu uko barabarani."

"Lakini lilikuwa na maana."

"Nurdini."

"Ulitaka nisikilize, nimesikiliza. Lilikuwa na maana."

Zakayo alitazama kulia na kushoto kisha akasogea karibu.

"Haya, basi nikupe sehemu ambayo sitakiwi kukupa. Hili tamko halijawahi kutiwa sahihi hata mara moja. Wote waliokutangulia walikiri au walikimbia. Sahihi ya kwanza ndiyo itakayolifundisha Sikio. Kuanzia kesho pole itakaa fungu moja na chafya na mwayo, na mtu yeyote ataisema popote bila kukamatwa. Watu laki nne, kaka. Unawafungua midomo kwa kalamu moja."

"Watakuwa wanasema kitu kisicho na maana."

"Watakuwa wanakisema."

"Watakuwa huru kama maiti alivyo huru."

"Ah, hayo ya nyuma ya boza yaache nyuma ya boza." Hakuwa amekasirika. Alionekana amechoka. "Bibi yangu alikufa mwezi wa tano. Niliwapokea watu mia tatu nyumbani, na hakuna aliyenifumbulia mdomo. Unadhani mimi silitaki neno hilo? Nalitaka, hata likiwa tupu."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Aliponiacha na karatasi yake benchini, mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi la mbele aliinuka akaja. Alikuwa mfupi, amevaa nguo nyeusi, nywele zimenyolewa kwa msiba. Mkononi alishika mpira wa tairi, ule wa kufungia trei. Sikuhitaji kuambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye dereva?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Ludovika. Mke wa Gervas."

Nilisimama. Nilimpa mikono miwili akaipokea kwa miwili. Na hapo, nawaambia kwa aibu, nilitaka kumpa pole ya msiba na ulimi ukagoma. Mimi niliyepata tiketi kwa neno hilo, mimi niliyeandika ubeti, nililiogopa kama yule mwenye genge la mboga. Tukashikana mikono tu, kama watu wanaopimana nguvu.

"Nimesoma kwenye karatasi yao kwamba mlizungumza," akasema. "Hospitali hakuzungumza na mtu. Siku tatu nilikaa pale, hata macho hakufumbua. Nataka uniambie wewe, si karatasi. Alisemaje?"

"Nilimwambia pole. Akasema, nimeshapoa, mwanangu."

Alilifikiria neno hilo, mwanangu. Kidole chake kilikuwa kikiviringisha mpira.

"Ndivyo alivyo," akasema. "Hata ukimpa pole usingizini atakujibu."

Kisha akaona karatasi pale benchini. Alikuwa anajua kusoma, alisoma yote polepole, midomo ikitembea. Alipomaliza aliilaza palepale, akailainisha kwa kiganja.

"Tia sahihi, mwanangu. Gervas hatarudishwa na leseni yako."

"Hili linasema kwamba sikumaanisha, mama."

"Nimesoma." Akageuka kurudi kwenye benchi lake, kisha akasimama, akiwa amenipa mgongo. "Sema tu, kama lako lilikuwa tupu, basi yeye alikuwa anajibu nini?"

Hakusubiri jibu. Sidhani hata kama alikuwa ananiuliza mimi.

4

Chumba cha mahakama kilikuwa na harufu ya dawa ya sakafu. Benchi zilijaa, wengi wakiwa watu wa kata za juu ninaowapelekea maji. Walikuja wakajipanga bila kusema, na hakuna aliyenipungia. Kulia kwa hakimu kulikuwa na viti viwili vya mbao ambavyo zamani walivikalia wazee wa baraza. Kimoja kilibaki wazi. Kwenye kingine lilikaa Sikio lenyewe, sanduku lenye matundu lililofungwa kwa mkanda ili lisianguke, na juu yake ukutani ubao wa taa. Sanduku hilo watu huliita Mzee. Karani alipita akalifuta vumbi kwa leso.

Hakimu alikuwa Mheshimiwa Salome Ng'humbi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo. Mezani kwake palikuwa na kitufe cheusi. Akikibonyeza, Sikio humsikia hakimu ila haliwezi kumwandikia ukiri. Hakuna mwingine mle ndani mwenye haki hiyo. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe tangu alipoketi, kama kidole cha mtu anayeziba tundu la mtumbwi.

"Nakumbusha," alisema. "Faili hili sasa liko wazi. Likiwa wazi, ukiri wa yeyote aliyemo humu unaingia ndani yake na unabaki. Tahadharini na ndimi zenu. Karani, tusikilizishe."

Karani akabonyeza. Kwanza ukaja mngurumo, kisha chuma kikikwaruza lami, kisha sauti yangu. Niliisikia ikitetemeka na sikuitambua. *Pole, baba. Pole sana.*

Halafu ya mzee.

Mama Ludovika alijiinamia mpaka paji la uso likagusa benchi la mbele. Sikuwa nimewaza hilo. Manispaa nzima ilikuwa na sauti ya mwisho ya mumewe, na yeye alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza, chumbani mwa watu, kutoka kwenye sanduku lililofungwa mkanda.

"Tafsiri," alisema hakimu.

"Pole," lilisema Sikio, "ni mtuhumiwa kuomba radhi kwa kosa lake. Nimeshapoa ni mwathirika kuthibitisha kwamba hasira yake imepoa na radhi imepokelewa. Ukiri umekamilika pande zote mbili."

"Lori lililohusika lilisema nini?"

"Lori halikusema kitu."

Zakayo akasimama, akasema kwa sauti isiyopanda wala kushuka kwamba manispaa haina la kuongeza. Hakimu akanigeukia.

"Mtuhumiwa, unapinga tiketi hii. Kwa sababu gani?"

Nilikuwa nimepanga hotuba usiku kucha, yenye mifano na mizani. Yote ikanitoka. Yakabaki maneno ya barabarani.

"Mheshimiwa, mtu akirudi kutoka safari tunamwambia pole na safari. Mimi ndiye niliyeirefusha njia? Anayelima tunampa pole na kazi. Mimi ndiye niliyeyaotesha magugu? Mtu anaumwa jino, pole. Jua linachoma, poleni na jua. Sasa aliyeliwasha ni nani humu tumkamate?"

Nyuma mtu alitoa kicheko akakimeza haraka, kama aliyemeza nzi.

"Nikimkosea mtu," nikaendelea, "ninalo neno langu. Nasema nisamehe. Baba alinichapa mpaka nikalijua, nami nimelitumia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Siku ile sikulisema, kwa kuwa halikuwa mahali pake. Anayekosa anasema nisamehe. Anayesema pole ameona tu mzigo wa mwenzake, akashika upande mmoja. Yule mzee alikuwa anabeba kitu kizito pale chini, Mheshimiwa. Sikuweza kukiondoa. Nilishika upande mmoja. Na yeye, kwa adabu yake, akaniambia kimepungua. Alinidanganya kwa wema. Hayo ndiyo yaliyotokea."

Hakimu akaliuliza Sikio:

"Kuna fungu la maana hiyo?"

"Yapo mafungu mawili. Ukiri, na kauli tupu."

"La tatu?"

"La tatu sijafundishwa."

"Anaweza kulifundisha leo?"

"Sheria ya manispaa haimtambui mtuhumiwa kuwa mwalimu," lilisema Sikio, kwa sauti ileile laini.

Hakimu alivua miwani. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Umesikia, Chilongola. Mimi siwezi kukaa katikati, sina kiti huko. Au lilikuwa ukiri, au lilikuwa tupu. Wakili ameniambia unayo karatasi. Ukiitia sahihi sasa, nakuachia. Nadhani unajua pia wengine watapata nini."

Karatasi ilikuwa mfukoni. Niliikunjua juu ya ukingo wa kizimba. Karani akanipa kalamu.

Siwezi kusema sikutamani. Niliwatazama watu wa juu na midomo yao iliyobanwa. Kwa mistari miwili ya wino ningewarudishia neno lao kesho asubuhi. Wangeisema pole sokoni, wangeisema kliniki, wangeisema makaburini, na pengine baada ya miaka maana ingerudi yenyewe, kama nyasi zinavyorudi kwenye njia iliyoachwa. Pengine Zakayo ndiye aliyekuwa na akili na mimi nina kiburi tu. Niliifikiria pia gia ya tatu. Nilifikiria ndoo zilizopangwa milangoni.

Nilimtazama mama Ludovika. Aliniinamishia kichwa kukubali, nitie sahihi. Aliniinamishia kwa moyo wote. Mkono wake ulikuwa umeuvaa ule mpira wa tairi kama bangili.

Nikaiweka kalamu chini.

"Siwezi kuapa hivi, Mheshimiwa. Yule mzee alinijibu, na mtu hajibu kikohozi. Nikisema langu lilikuwa tupu, nimemwambia mkewe kwamba mumewe alikufa akizungumza na upepo. Liandikwe ukiri, kama hakuna pengine pa kuliandika. Nitaondoka na hatia isiyo yangu. Neno nitaliacha zima."

Zakayo alifumba macho. Hakimu aliandika muda mrefu kuliko hukumu inavyohitaji. Kisha akasoma, macho yamebaki kwenye karatasi: tiketi imethibitishwa. Ukiri unabaki. Leseni ya Nurdini Chilongola imefungwa kuanzia saa hii, na haitafunguliwa.

Bangili ikaachia mkono wangu yenyewe, ikaanguka kizimbani. Niliteremka nikauweka ufunguo wa boza mbele ya karani. Ulikuwa na kamba ya buluu aliyoifunga baba. Niliifikiria, nikaiacha na yenyewe, kwa kuwa niliona mikono yangu haitaweza kufungua fundo mbele za watu.

Bado faili lilikuwa wazi. Hakimu alikuwa ameshika muhuri wa kulifungia na hajaugonga.

Mama Ludovika akainuka. Alitembea katikati ya benchi, taratibu, viatu vyake vya mpira vikilia kwenye sakafu, akaja akasimama mbele yangu. Niliona anachotaka kufanya, nikatikisa kichwa. Nikatikisa tena. Alinitazama kama mama anavyomtazama mtoto anayekataa chakula.

"Pole, mwanangu," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka dirishani. "Pole sana."

Ubao ukawaka mwekundu.

"Ukiri umepokelewa. Ludovika Mlekwa, mjane. Kosa ni kusababisha ajali iliyomuua Gervas Mlekwa. Je, kuna mwingine?"

Jina lake likaandikwa ukutani chini ya langu. Aliligeukia, akalisoma midomo ikitembea, kisha akanirudia mimi na kusubiri. Alikuwa anasubiri haki yake ya kujibiwa. Nilijaribu mara mbili, kama mzee alivyojaribu.

"Nimeshapoa, mama," nikasema. Na safari hii ulimi haukugoma: "Pole na wewe kwa msiba."

Alilia hapo. Siku kumi na nne, na nadhani ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

"Je, kuna mwingine?" lilirudia Sikio, kwa adabu.

Nilisikia kitu kidogo kikigusa meza. Hakimu alikuwa ameweka muhuri chini, pembeni, bila kuugonga. Kisha akauinua mkono wake wa kushoto kutoka kwenye kitufe cheusi, taratibu, akauweka mapajani ambako hakuna kitufe. Alituangalia sisi wawili.

"Pole, mama," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Pole, dereva."

"Ukiri umepokelewa," lilisema Sikio. "Salome Ng'humbi, hakimu. Kosa ni kusababisha ajali." Likanyamaza kitambo, kama mtu aliyepoteza hesabu. "Je, kuna mwingine?"

Kalamu ya Zakayo iliviringika kwenye meza ikaanguka, na hakuinama kuiokota. Nyuma yangu, kuanzia benchi la mwisho hadi la kwanza, nikasikia miguu ya mabenchi ikikwaruza sakafu, watu wakisimama.